Akech na Kazi za Wenzake

Mbuya, Kampala
8 Juni 2025

Dada Celestine, mulembe.

Sisi huku ni wazima, ukiondoa goti la Okwir. Shemeji yako anasema goti liliharibikia kazini, kwa hivyo jeshi lenyewe ndilo litakalolitibu, na wakati analisubiri jeshi, mimi ndiye ninayelikanda kwa maji moto kila jioni. Akech hajambo. Amerefuka mpaka sketi ya shule uliyomshonea mwezi wa pili imeanza kuona aibu. Na wewe je? Cherehani yako inaendaje? Na Odero, shemeji yangu, bado anabishana na redio?

Nimeshika kalamu kwa sababu simu umenikatalia. Umesema kwenye simu nakucheka halafu nakata, tena mtoto wako Akech hukaa karibu akisikiliza, lakini kwenye karatasi sina pa kukimbilia. Ni kweli yote. Basi barua hii namkabidhi dereva wa basi la Kitale. Ikikawia, laumu mpaka wa Malaba.

Umeuliza Akech anaendeleaje na masomo. Ngoja kwanza nikueleze kazi yangu ya maktaba hapo shuleni kwao, maana mwaka jana uliniuliza mbele ya watu kama bado "nalinda vitabu", na hilo sijakusamehe. Kila Ijumaa nawapitia walimu nikiwauliza wiki ijayo watafundisha nini. Wengine hunijibu vizuri, wengine huniangalia kana kwamba nimewaomba figo. Nikishajua, natandaza vitabu vya mada hizo juu ya meza ndefu iliyo dirishani, ili mtoto akitoka darasani kichwa kimemjaa ukungu, akute mahali pa kuanzia. Siku hizi kuna mtaala mpya. Kila mtoto anapewa mradi: atafute tatizo la mtaani kwao, alichunguze, aandike. Wanakuja kwangu wamepotea kabisa. Sharti langu ni moja, simpi mtu jibu, nampa mahali pa kulitafuta. Mara nyingine hata mimi mahali penyewe sipajui, tunapotea pamoja.

Akech ana kiti chake kwenye meza hiyo. Kila siku masomo yakiisha yupo, na wenzake wa kidato cha pili wamemzunguka. Nimemfanya msaidizi wangu. Ila shule yetu watu ni wepesi wa kusema fulani anapendelewa, kwa hivyo tangu siku ya kwanza nilimwambia akishapita geti mimi si mama mdogo tena, mimi ni Madamu kama kwa wengine. Ameshika vizuri mno. Juzi nyumbani ameniuliza, "Madamu, chumvi iko wapi?" Okwir alicheka mpaka goti likamkumbusha.

Ripoti ya muhula wa kwanza nimeiweka mahali salama, salama hata mimi mwenyewe siioni. Nikiipata nitakutumia.

Mdogo wako,
Nelima


Kitale
22 Juni 2025

Nelima,

Mulembe na kwako. Cherehani inashona, mimi nipo. Mvua imeshika huku na mahindi yamefika kiunoni. Mpe Okwir pole, umwambie jeshi lina magoti mengi mno ya kushughulikia, aende hospitali.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilimtafuta mtoto wangu ndani yake nikakuta meza. Meza ndefu, meza ya dirishani, meza ya vitabu. Nimefurahi kwamba meza inaendelea vizuri. Akech je?

Mtoto huyu alitoka hapa akiwa wa kwanza darasani. Sikumleta kwako kwa sababu Kitale hakuna shule. Watu walinishangaa, mtoto wa Kenya anapelekwa Uganda kutafuta nini? Niliwaambia mahali penye mtu wake mtoto hapotei. Mtu wake ni wewe. Sasa unaniandikia kwamba ripoti imepotea. Kazi yako, Nelima, si ndiyo hiyo ya kujua kila karatasi iko wapi? Itafute kwa bidii ile ile unayotafutia watoto wa watu vitabu.

Halafu hilo la kukuita Madamu sikulicheka. Labda ucheshi wenyewe ulibaki Malaba.

Jambo moja tena. Barua zako usizipeleke nyumbani. Mwambie dereva aziache pale ninaposhona, karibu na soko, ni rahisi zaidi kwangu. Usiniulize kwa nini.

Msalimie mtoto. Mwambie asome.

Celestine


Mbuya, Kampala
6 Julai 2025

Dada yangu mkali, mulembe.

Barua yako imefika na moto wake wote, nimeipepea kwanza ndipo nikaisoma. Okwir amekwenda hospitali, amepewa dawa ya kupaka na maneno mengi. Sisi wengine wazima. Umeme unakatika mara kwa mara, lakini hilo si habari.

Umesema nisikuulize habari za duka, nami sikuulizi. Naandika tu kwamba sijaelewa. Vilevile nilimsalimia Odero na sikuona jibu lake, hata lile la kusema "naye anakusalimu", ambalo huwa unalitunga bila kumuuliza.

Sasa nikupe habari nzuri, maana nazo zipo. Tuna mwalimu wa Bayolojia anaitwa Ocira, Mwacholi mrefu ambaye hasifu hata chai. Wiki iliyopita aliingia maktaba amekumbatia miradi ya kidato cha pili, akaitua mezani, akaniuliza nani amewafundisha watoto hawa. Mmoja anaitwa Aciro, ni binti wa polisi, amechunguza mtaro unaofurika nyuma ya baa za Kabalagala. Mwingine kaandika juu ya moshi wa makaa jikoni kwao. Mambo ya kawaida, ila kila mradi una ukurasa wa mwisho wenye kichwa cha maneno "Nisichokijua bado", na hapo mtoto anataja kwa uwazi alipokwama. Ocira anasema amefundisha miaka mingi na hajawahi kuona wanafunzi wakikiri ujinga wao kwa hiari. Wanaandika vizuri, wanauliza vizuri, wanajua waliposimama na walipoanguka. Akanishika mkono. Jumatatu akanisifu kwenye mkutano wa walimu, na mkuu wetu, Madamu Florence, akatangaza kwamba maktaba itapata kabati jipya la vioo.

Sifa ni tamu, dada, nilizimeza bila kutafuna. Lakini nikukirie wewe peke yako: ukurasa ule sikuwafundisha mimi. Wala sijui umetoka wapi. Nilifikiri labda umo kwenye kitabu fulani, nikafunua vyote vilivyo mezani, sikuuona. Ocira anadhani ni mimi, mimi nadhani ni mwalimu wa Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza alipoulizwa alidhani ni Ocira. Tumebaki tunapongezana tu.

Ripoti ya Akech nimeipata. Haikuwa nzuri. Nimeikunja ndani ya bahasha hii, usiisome ukiwa na mkasi mkononi. Ni ugeni tu, naamini hivyo. Wenzake wakitoka darasani wanaongea Kiganda, na Kiswahili kwao ni cha kambini, cha askari na watu wa mipakani, kwa hivyo akifungua mdomo wanatabasamu. Lakini sasa namwona amezungukwa na watu kila siku. Mabaya yamepita.

Nelima


Kitale
13 Julai 2025

Nelima,

Sijapata jibu lako na siwezi kulisubiri. Nyanya zimeoza shambani kwa mvua, shangazi yetu wa Webuye amelazwa kisha ametoka. Hizo ndizo habari za ukoo, sasa kaa chini.

Akech alinipigia Jumatano kwa simu ya Okwir. Mwenye simu alikuwa amelala, usimgombeze. Alisema, "Mama, nataka kurudi nyumbani." Nikamuuliza kama anapigwa, akasema hapana. Kama ananyimwa chakula, hapana. Mama mdogo ni mbaya? Hapana, ni mzuri. Sasa ni nini? Hapo akaniuliza kama kitanda chake bado kiko pale dirishani. Nikamwambia kipo.

Hii si mara ya kwanza, Nelima. Amekuwa akinipigia tangu mwezi wa tatu. Mimi ndiye niliyemwambia asikueleze, nikijua utachukulia vibaya, na nikidhani kilio cha ugenini hukauka chenyewe. Hakijakauka.

Nimemwambia avumilie. Kurudi kwa sasa haiwezekani, na sababu ni yangu. Lakini nataka kujua kutoka kwako, wewe unayekaa naye asubuhi na jioni, na shuleni tena mko chumba kimoja: unamwona? Maana huyo unayeniandikia amezungukwa na wenzake, na huyu anayenipigia yuko peke yake, nami sijui nimwamini yupi.

Nijibu upesi. Acha mambo ya meza.

Celestine


Mbuya, Kampala
27 Julai 2025

Dada Celestine,

Mulembe, ingawa amani yenyewe haimo ndani yangu leo. Barua yako ya tarehe 13 nimeipata jana. Utingo aliisahau chini ya kiti, ikaenda na kurudi Kenya bila kushuka. Laiti ningeipata mapema. Sisi ni wazima wa mwili. Okwir anatembea vizuri sasa. Nilipomwambia kwamba mtoto analia kwa simu yake alishangaa kuliko mimi. Alisema, "Lakini mutoto nakula, nalala, nacheka na mimi. Sasa iko shida gani kwa moyo yake?" Nami nilikuwa nikijiuliza hilo hilo tangu Jumatatu, kwa sababu nyingine.

Jumatatu Ocira alikuja kuniomba msaada. Alama za miradi zimekamilika, isipokuwa mwanafunzi mmoja ambaye hajaleta hata ukurasa, na kwa kuwa mwanafunzi huyo hushinda maktaba, labda mimi najua kisa. Mwanafunzi huyo ni Akech. Nikamwambia haiwezekani, namwona anaandika kila siku. Akasema na yeye humwona, ndiyo maana haelewi.

Nilikwenda nikajikalisha mwisho wa meza ndefu, nikajifanya nabandika lebo. Aciro akaja na kazi ya Jiografia. Akech akaanza kumuuliza. Umeona nini? Nani alikuwepo? Ukimuuliza mama yako atasema hivyo hivyo? Yule anajibu, anachoka, anajibu tena, na kila akisema "sijui", Akech anasema sawa, hiyo tunaiweka mwisho. Kisha akavuta karatasi akaandika yeye mwenyewe, yote, mwanzo hadi mwisho. Aciro akaichukua, akashukuru, akaondoka. Akaja mwingine. Dada, ule ukurasa niliosifiwa nao mbele ya walimu wote ni wa mtoto wako. Alikuwa akifanya miradi ya darasa zima, mbele ya macho yangu, na mimi namwita msaidizi.

Jioni tulikaa jikoni tukimenya matoke. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Nikamuuliza kwa nini anaandika za wengine na yake hajaianza. Alimenya ndizi nzima kabla ya kujibu. Kisha akasema:

"Nikiandika za kwao wanakaa na mimi. Nikiandika yangu nakaa peke yangu."

Nikamwambia si kweli, wanampenda. Akasema wakishapata karatasi wanaondoka, ndiyo maana anauliza maswali mengi, ili wasiondoke upesi. Alisema bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mimi ndiye niliyelia, nikasingizia utomvu wa matoke.

Najionea aibu na nimekasirika, na sijui namkasirikia nani. Kazi yangu ni kumtazama mtoto anavyosoma na kujua amekwama wapi. Watoto wa watu nawajua: yule hawezi kusoma kwa sauti, yule anasoma kurasa za mwanzo tu, yule anaogopa ramani. Wa kwangu nilimwona amezungukwa nikaridhika. Tena nilikuwa nimemkataza kuniita mama mdogo.

Sasa sijui nifanye nini. Nikimwambia Ocira, kosa la kumfanyia mwenzako kazi adhabu yake ni kurudishwa nyumbani wiki mbili, na alama za wote kufutwa. Nisipomwambia, Akech anapata sufuri, nami nabaki na kabati la vioo. Na ile njia rahisi, kwamba apumzike kwako kidogo, umeifunga na ufunguo umeuficha. Mficha uchi hazai, Celestine. Mimi nimekwambia yangu yote. Kwa nini mtoto hawezi kurudi nyumbani?

Nelima


Kitale
3 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Mulembe. Nimemwomba dereva akukabidhi hii mkononi, asimpe utingo.

Umeniuliza, nakujibu. Mtoto anataka kurudi nyumbani. Nyumba gani? Mwezi wa nne nilitoka kwa Odero. Alileta mwanamke mwingine, akamweka nyumba ya mbele, akaniambia mimi nikae ile ya nyuma kama kawaida, maana hakuna ubaya. Nilichukua cherehani na nguo zangu. Nalala dukani, nyuma ya pazia. Kitanda cha Akech sijui nani anakilalia, na mimi nilimwambia kipo dirishani. Ndiyo sababu yangu. Sikukwambia kwa kuwa ungemwambia Okwir, Okwir angempigia Odero kwa sauti ya kijeshi, na mimi ningekuwa habari ya Kitale nzima. Tayari ni habari ya Kitale nzima, lakini angalau si kwa simu.

Nilipompeleka kwako nilikuwa naona mambo yanakuja. Nilisema awe mbali yakifika. Sikufikiri kwamba nilimtoa penye mvua nikamweka penye baridi.

Kuhusu shule, nenda kwa mwalimu ukaseme. Mimi ni fundi. Mwanafunzi wangu akiniletea vazi lililoshonwa vizuri halafu akaniambia ni yeye aliyelishona, kumbe ni mwenzake, nitajua siku mteja atakaporudi nalo. Ni bora nijue mapema. Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini huyu hajakatazwa wembe, anaogopa kioo. Wakimfukuza wiki mbili, basi. Afadhali afukuzwe kwa jina lake kuliko asifiwe kwa majina ya wengine.

Mwambie habari ya nyumbani. Nilijaribu mimi kwa simu, nikaishia kumuuliza kama amekula. Au usimwambie. Hapana, mwambie.

Na umuulize swali moja kwa ajili yangu, umuulize vizuri, usimsaidie kujibu. Nimepima nafasi kati ya ukuta na meza yangu ya kukatia. Godoro linaingia. Si nyumba, lakini nipo mimi. Akitaka kuja akae, shule tutaitafuta hapa, sitamzuia tena. Sijui nataka ajibu nini. Wewe muulize.

Dada yako


Mbuya, Kampala
17 Agosti 2025

Dada Celestine, mulembe, na pole. Pole nyingi. Okwir anasema pole pia, na nimemnyang'anya namba ya Odero kabla hajapata wazo.

Nilikwenda kwa Ocira nikasema yote, tukaenda pamoja kwa Madamu Florence, Akech akaitwa. Mkuu akamwambia alete mzazi wake. Akech akasema mama yuko Kenya. Basi mlezi, akasema mkuu. Akech akaniangalia mimi. Nikasimama nikasema mimi ni mama yake mdogo, analala kwangu, anakula kwangu, na nilimkataza asiseme. Ocira akauliza kwa upole kama kuna mtu mwingine hapa shuleni ambaye ni ndugu yangu, nimtaje leo yaishe.

Wakaanza kubishana. Mkuu alisema ni udanganyifu. Ocira naye alisema haelewi aiite nini, kwa sababu aliwaita wale watoto mmoja mmoja wamweleze miradi yao bila karatasi, akitegemea watakwama, na wengi hawakukwama. Aciro alimweleza mtaro wa Kabalagala mpaka kengele ikalia. Maswali ya Akech yaliwaingia, ila mkono wa kuandika ulikuwa wake. Wawili hawakujua hata kichwa cha kazi yao, hao wamepewa sufuri. Waliobaki wameambiwa waandike upya kwa mikono yao. Akech hakufukuzwa. Amepewa wiki moja afanye mradi wake mwenyewe, kwenye meza ile ile, na ikatangazwa kwamba mtu yeyote asimsaidie, wala yeye asimsaidie mtu. Kabati la vioo mkuu hakulitaja tena, nami sikuuliza.

Jioni ile nilimwambia habari ya nyumbani. Alikuwa anaosha vyombo. Aliendelea kuosha sahani moja ambayo ilishatakata zamani. Akauliza, "Mama analala wapi?" Nikamweleza pazia, cherehani, meza ya kukatia. Akauliza kitanda chake kiko kwa nani. Nikasema sijui. Akasema, "Alinidanganya," na baadaye kidogo akasema, "Angefanyaje?" Kisha akalia, Celestine, kwa mara ya kwanza mbele yangu, na nilimshika mpaka maji ya vyombo yakapoa. Nikabaki namwambia nipo, nipo.

Jumatatu akakaa mezani peke yake. Hicho ndicho alichokuwa anakikimbia miezi yote hii, na sisi tukampa hicho hicho kiwe adhabu. Nilipita nyuma yake mara nyingi nikipanga vitabu vilivyokwisha kupangwa. Karatasi ilikuwa nyeupe. Sikumpa jibu wala mahali pa kulitafuta, maana na mimi nilikatazwa.

Jumanne alasiri Aciro aliingia. Nikamkumbusha kwamba hakuna kusaidiana. Akasema, "Madamu, mimi sina kazi. Nakaa tu." Akavuta kiti mbele ya Akech akakaa, mikono juu ya meza. Jumatano wakawa watatu. Hawakuruhusiwa kuongea naye, hawakuongea. Mmoja alisinzia. Hawakuwa na cha kufanyiwa, na walikuja. Sielewi kama Ocira aliwanong'oneza, au ni aibu, au mvua ilikuwa inanyesha nje na hawakuwa na pa kwenda. Akech naye haelewi, aliniuliza njiani wanataka nini, nikamwambia waulize. Akaanza kuandika Jumatano hiyo. Ijumaa alimpa Ocira mradi wake. Si mzuri kama ule wa Aciro, Ocira mwenyewe amesema, ameuandika kwa haraka na mwisho hakuumalizia. Amepata alama za kati. Lakini jina lililo juu ni lake.

Jana nilimuuliza swali lako, kama ulivyosema, bila kumsaidia. Nilimwambia godoro linaingia, mama hatakuzuia, unaweza kwenda ukakaa kabisa. Alifikiri mpaka leo asubuhi. Kwa hivyo mpokee Jumamosi, shule ikishafungwa, atakuwemo ndani ya basi la mchana. Atakuja na begi dogo. Lile kubwa amesema libaki hapa, atalikuta akirudi.

Nelima